Tableti ya zamani ya Android, naweza kuifuta niweke Linux ya desktopu?

chipukizi_py

Wakuu habari zenu. Nina tableti ya inchi 10 ya siku nyingi, Android 8.1, RAM 2GB, hifadhi 16GB. Kioo kizima, tachi nzima, ila apu nyingi sasa hivi zinagoma kuapdeti na ukifungua brauza pamoja na kitu kingine inaanza kunata. Kuitupa sitaki. Ninachotaka ni kuifuta Android kabisa niweke Linux kama ile ya kwenye kompyuta, yenye madirisha na menyu, niunge keibodi na mausi, niwe naandikia kazi zangu kwenye LibreOffice na kujifunzia Python. Nimeshadaunlodi ISO (faili la kuistolia) ya Debian, aina mojawapo ya Linux, nikaiweka kwenye flashi, nikachomeka kwa waya wa OTG, nikawasha huku nimebonyeza kitufe cha sauti, inaingia kwenye menyu ya rikavari lakini flashi haionekani kabisa. Kuna menyu nyingine ya kubuti au haiwezekani? Na kama kuna njia isiyohitaji kompyuta itanifaa zaidi.

kerneli_kwanza

Mkuu hiyo flashi haitaonekana hata ubadilishe waya, na tableti yako haina ubovu wowote. Kompyuta ya kawaida ina BIOS au UEFI inayotafuta kitu cha kubuti kwenye flashi halafu inaiambia kerneli (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa) kuna vifaa gani humo ndani, ndo maana ISO moja inawaka kwenye laptopu karibu yoyote. Tableti nyingi za Android zina prosesa ya ARM na utaratibu huo hazina, butiloda (programu inayowaka kwanza na kuanzisha mfumo) inasoma patisheni zake za ndani basi, na kerneli lazima ije na maelezo ya tableti hiyo hiyo: skrini imeungwa wapi, tachi ni ya chipu gani, betri inachajiwa na nini. Kerneli ya tableti ya jirani haikufai hata kama kwa nje zinafanana. Halafu kama ISO uliyoshusha ni ya amd64 ndo kabisa, hiyo ni ya prosesa za Intel na AMD. (Zipo tableti chache za Android zilizotoka na Intel Atom, hizo ni habari nyingine.)

Ushauri wangu usiifute Android. Iache iendelee kuendesha skrini, wifi, sauti na chaji, maana draiva za hivyo vitu mtengenezaji aliziandika kwa ajili ya kerneli iliyomo humo na nyingi kodi yake haijawekwa wazi, ukifuta umezipoteza. Wewe weka Debian juu yake kwa Termux (apu ya terminali ya Linux kwenye Android) na proot-distro (inayoistoli Linux ndani ya Termux). Haihitaji kuruti (kujipa mamlaka yote ya mfumo), haihitaji kompyuta, na siku ukiichoka unaondoa apu na kila kitu kinaondoka nayo.

Termux ichukue F-Droid (duka la apu huria), halafu ongeza apu ya Termux:X11 kutoka GitHub kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, hiyo ndo itakuwa skrini ya desktopu yako, inataka Android 8 kwenda juu kwa hiyo wewe umepona. Ukishafungua Termux andika:

pkg update && pkg upgrade
pkg install x11-repo
pkg install termux-x11-nightly proot-distro pulseaudio
proot-distro install debian
proot-distro login debian

Hapo umeshaingia ndani ya Debian, sasa apt update, kisha apt install xfce4 dbus-x11. Hii ya mwisho inachukua muda mrefu, iache kwenye chaja na uandike termux-wake-lock kabla hujaingia Debian, la sivyo skrini ikizimika Android inaweza kuilaza Termux katikati ya kazi. Debian na XFCE (ndo desktopu yenyewe, ile xfce4) pamoja tenga kama 3GB, ukiongeza LibreOffice inapanda, kwa hiyo ondoa kwanza mapicha na apu usizotumia. Usiache mfumo ukajaa hadi mwisho, hifadhi ikijaa Android yenyewe inaanza kuchanganyikiwa.

Na ujue mipaka yake mapema. Proot inadaka kila ombi ambalo programu inapeleka kwa kerneli na kulibadilisha njia, ndo inavyokufanya uonekane ruti wakati sio ruti, kwa hiyo kazi zenye mafaili madogo mengi kama kuistoli zinakuwa taratibu. systemctl (ya kuwasha huduma za mfumo) haifanyi kazi, Docker (ya kuendeshea programu kwenye makontena) isahau. Lakini Python, git, LibreOffice vyote vinakwenda.

mlango_wazi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa sehemu kubwa ila asifungiwe mlango moja kwa moja. Upo mradi unaitwa postmarketOS, ulianza 2017, umejengwa juu ya Alpine (Linux nyepesi), na lengo lao hasa ni hili, kifaa kilichotelekezwa na mtengenezaji kiendelee kuishi na Linux kamili bila Android chini yake. Wana wiki yenye orodha ya vifaa, tafuta modeli yako, sio jina la dukani, ile namba ya modeli iliyopo kwenye Mipangilio sehemu ya kuhusu tableti. Ukiipata usifurahi kwa kuona jina tu, soma jedwali: skrini inafanya kazi? tachi? wifi? chaji? Na angalia inatumia kerneli ya aina gani. Kama ni kerneli kuu ya Linux yenyewe una bahati, hasa ukiwa na GPU (chipu ya michoro) ya Adreno kwa sababu draiva huria ya freedreno iko vizuri. Kama ni kerneli ileile ya zamani ya mtengenezaji, mara nyingi unaishia na picha kwenye skrini bila vitu vingine.

Kwa njia hii kompyuta ni lazima, na mara nyingi iwe yenye Linux, kazi inafanywa na programu yao ya pmbootstrap. Butiloda lazima ifunguliwe na kuifungua kunafuta data yote iliyomo, bekapu kwanza. Zipo tableti ambazo butiloda yake imefungwa na haifunguki kwa njia yoyote rasmi, hapo unarudi kwa Termux. Kama tableti yako inakubali fastboot (njia ya kuipa butiloda amri kutoka kompyuta), jaribu kwanza amri ya fastboot boot ikiwa na imeji yako, inaiwasha kutoka kwenye RAM bila kuandika chochote ndani, ukiona giza unazima tu na Android yako ipo palepale. Sio butiloda zote zinaruhusu lakini inafaa kujaribu kabla ya kuflashi.

Kusema ukweli kwa RAM ya 2GB tofauti ni kubwa. Android peke yake inakula sehemu nzuri ya hiyo kumbukumbu kabla hata hujafungua XFCE. Mimi kifaa kikiwa kwenye ile orodha na jedwali lake ni zuri, nachagua kufuta bila kusita.

chipukizi_py

Asanteni sana wakuu, nimeelewa vizuri sasa kwa nini ile flashi haikuonekana. Nimeangalia ile orodha, modeli yangu haimo, kwa hiyo nimefuata ya Termux na imeistoli hadi mwisho. Mambo mawili. Moja, uname -m inasema armv8l, nilitegemea aarch64, hii ni ya biti 32 au 64? Pili nikiwasha XFCE ndani ya Debian inaniambia cannot open display wakati Termux:X11 nimeshaifungua na naona skrini nyeusi.

kerneli_kwanza

armv8l maana yake prosesa na kerneli ni za 64 ila Android uliyowekewa inaendesha programu za 32, walifanya sana hivyo kwenye vifaa vya RAM ndogo. Debian yako kwa hiyo ni ya armhf (ARM ya biti 32), usihangaike, LibreOffice na firefox-esr zipo kwenye apt. Utakachokosa ni programu ambazo watengenezaji wake wanatoa za arm64 tu, na Box64 ya kuendeshea programu za x86 (za Intel na AMD) za 64 pia hutaiweza.

Hilo la display: Debian ndani ya proot ina /tmp yake, na Termux:X11 inaweka soketi yake (faili la mawasiliano) kwenye tmp ya Termux, hazionani. Toka kwa exit, halafu:

termux-x11 :0 &
proot-distro login debian --shared-tmp
export DISPLAY=:0
dbus-launch --exit-with-session startxfce4

Ile --shared-tmp ndo inayoziunganisha. Ikishawaka nenda mipangilio ya XFCE, kwenye Window Manager Tweaks uzime compositor, hapo hakuna GPU inayosaidia, kila kivuli na kila uwazi wa dirisha unachorwa na prosesa.

dada_terminali

Kaka, kwa RAM hiyo ningekushauri ujaribu na kitu kingine. XFCE ipo pia kwenye hazina ya Termux yenyewe, pkg install xfce4 ukiwa nje ya Debian, na Python ipo hukohuko. Ikiendeshwa hivyo haipiti kwenye proot kabisa, utaona menyu zinavyofunguka haraka. Mimi desktopu naiweka Termux, Debian naingia pale tu ninapotaka programu ambayo Termux haina, kama hiyo LibreOffice, naiwasha kutoka Debian ikiwa na DISPLAY ileile na dirisha lake linatokea kwenye desktopu hiyohiyo.

Usihamishie mfumo kwenye memori kadi. Kadi nyingi ziko kwenye FAT32 au exFAT, hazijui ruhusa za mafaili wala viungo vya Linux, Debian itavunjika. Kadi weka nyaraka zako tu.

Mausi ikikosekana, kwenye Termux:X11 kugusa kwa vidole viwili ni kliki ya kulia, na kwenye mapendeleo yake unachagua kama tachi iwe kama padi ya laptopu au pale ulipogusa ndo panapobonyezwa. Maandishi yakiwa madogo ongeza DPI kwenye Appearance, anzia 130.

Na naomba uangalie betri, hili watu wanalipita. Tableti ya miaka mingi ukiifanya kompyuta ya mezani itashinda kwenye chaja. Ilaze mezani chali, kioo juu, ikiwa inayumba au kifuniko kimeanza kuachana na kioo betri imevimba, izime, usiichaji tena na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza irudi, mpe fundi aibadilishe kwanza ndo uendelee na Linux.

chipukizi_py

Dada asante, nimeilaza, iko sawa haiyumbi. --shared-tmp imekubali, XFCE imewaka na keibodi inaandika. Leo usiku nahamishia desktopu Termux kama ulivyosema nione tofauti. Sauti bado haitoki, hiyo pulseaudio niliistoli lakini sijui inawashwaje.

dada_terminali

Upande wa Termux, kabla hujaingia Debian:

pulseaudio --start --load="module-native-protocol-tcp auth-ip-acl=127.0.0.1 auth-anonymous=1" --exit-idle-time=-1

Kisha ukiwa ndani ya Debian export PULSE_SERVER=127.0.0.1. Programu za upande wa Termux hazihitaji hiyo ya pili.