Bomba la barabarani mnabadilisha, kuanzia mita hadi jikoni mnamwachia nani?

Wakuu, huu ubadilishaji wa mabomba nusu nusu hapa Mwanza umetuchosha. Mtaro unachimbwa, poli mpya (bomba la plastiki) inalazwa hadi kwenye mita, basi. Kutoka mita hadi jikoni linabaki GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki, kuukuu na lililoliwa na kutu. Mkandarasi anaunga jipya na la zamani, anafukia, anaondoka. Halafu tunaambiwa mtaa umebadilishiwa mabomba!

Zinki iliyopakwa kwenye GI za zamani ilikuwa na madini ya risasi, wakati mwingine hadi asilimia 1. Risasi nyingine imo kwenye koki za brasi za bei chee na kwenye lehemu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, chokaa yake kidogo, hivyo hayajengi utando mzito wa kukinga chuma. Kutu inanyonya risasi na kuishika miaka mingi. Ukipitisha msumeno au kulisokota bomba kwa spana, kutu hiyo inabanduka na kushuka hadi kwenye kikombe cha mtoto. Kazi ya nusu nusu inaweza kuacha maji yakiwa mabaya zaidi kwa wiki kadhaa. Mgao wa maji nao unaongeza: bomba linakauka, presha ikirudi ghafla inasukuma kila kilicholegea.

Na tafadhali msiwaambie akina mama wachemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani inakolea. Klorini pia haiitoi.

Kinachoudhi zaidi ni upimaji. Mtu anafungulia bomba dakika tano, ndipo anakinga sampuli. Hayo ni maji ya barabarani, siyo ya nyumba! Maji yalale kwenye bomba saa 6 au zaidi, alfajiri ikingwe lita ya kwanza kabla mtu hajanawa uso. Lita ya kwanza inaonyesha koki, ya tano inakaribia kuonyesha bomba la chini ya ardhi. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita, na kwa damu ya mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Chicago, Marekani, sheria ililazimisha mabomba ya risasi tupu hadi 1986. Leo kanuni ya Marekani ya Oktoba 2024 inataka bomba la risasi litolewe lote, na GI iliyowahi kupokea maji kutoka bomba la risasi itolewe nayo. Kubadilisha nusu kumekatazwa, ila kwa dharura au kazi nyingine ya miundombinu iliyopangwa. Kwetu kanuni kama hiyo iandikwe kwenye mkataba wa kila mradi.

Kazi yenyewe si ngumu. GI ya nusu inchi inapokewa na poli ya milimita 20, ya robo tatu na ya 25, kwa fitingi za kubana, bila kuchomelea. Toa GI yote pamoja na elbo za ukutani, maana mafundi wengi huziacha wakiogopa kubomoa plasta. Ukimaliza, fungua vichujio vya midomo ya koki, acha maji yakimbie dakika 30 kwenye koki zote. Yakinge, yafulie au upigie deki. Vichujio vioshwe ndipo virudishwe. Usipovifungua, chembe zote zinakwama humo humo.

Mkandarasi akifika mtaani kwenu, kabla hajachimba mwombeni mchoro wa kazi mwone mstari wake unaishia wapi. Ukiishia kwenye mita, mwenyekiti wa mtaa asisaini.