Mrejesho: maua ya mgahawani yamepona

Wakuu narudi na mrejesho. Niliwauliza kwa nini maua ya ndani ya mgahawa wangu hapa Tabata yanageuka njano na vinzi vidogo vinazunguka meza za wateja.

Kumbe shida ni maji! Kila mhudumu akipita anamwagia, na vyungu havikuwa na matundu chini, nilivyong'oa mmea mmoja nikakuta mizizi myeusi, inateleza, inanuka. Nikatoboa, nikaweka udongo mpya wenye mchanga na mboji, sasa anamwagilia mtu mmoja tu na lazima achomeke kidole kwanza, akikuta unyevu anaacha. Vinzi vimeisha kabisa.

Yale ya karibu na jiko la chipsi majani yalishika mafuta, tunayafuta kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni kila Jumatatu. Ule unaotambaa nimeupandisha juu maana watoto walikuwa wanauchuma na majani yake yanawasha mdomo.

Mrehani na mchaichai nimeviweka nje mlangoni kwenye jua, mtu akipita akivigusa harufu inapanda, jamani ile meza ya pale wateja wanaigombania jioni. Asanteni sana, hasa aliyesema nianze kuangalia mizizi.