Albert Ayler: huyu jamaa mnamskiza aje?

mtoto_wa_umoja
Wadau, Jumamosi nilipita kwa kibanda cha santuri Kenyatta Market nikapata Spiritual Unity ya Albert Ayler, yule Mmarekani wa saksafoni ya jazi. Nikaiweka nikipika, mama watoto akatoka chumbani kuuliza kama spika imeharibika. Saksafoni inalia kama mtu amefiwa alafu drams haishiki taimu kabisa, na bado nimeirudia mara nne. Alikuwa anatafuta nini huyu?

saksa_kayole
Skiza Ghosts, wimbo ulio kwa hiyo santuri, ule mwanzo tu kabla hajaivuruga. Hiyo tuni ni pambio, mtoto anaiimba. Mimi napiga saksafoni kanisani, juzi baada ya mazoezi ya kwaya nikaijaribu, noti ni rahisi, kazi iko kwa pumzi, yeye anapuliza mpaka noti inatetemeka, inapasuka, na bado haachilii. Alizaliwa Cleveland 1936, babake ndiye alimfundisha na walikuwa wanapiga pamoja kanisani, kwa hivyo hicho kilio unachosikia ni cha ibada.

mzee_wa_santuri
Na jeshi pia, kijana. Alikuwa kwa bendi ya jeshi la Marekani, wakampeleka Ufaransa, ndio maana nyimbo zake zimejaa gwaride. Si umeona Jeshi la Wokovu wakipita Jumapili asubuhi na tarumbeta na ile ngoma kubwa, wa mbele na wa nyuma wameachana kabisa na wimbo bado unaenda? Skiza ukiwa na hiyo picha. Drams ni ya Sunny Murray, taimu ameiacha kusudi, matoazi yake ni kama mvua kwa mabati. Besi ni Gary Peacock. Watu watatu, wakairekodi siku moja tu, 10 Julai 1964. John Coltrane, yule gwiji wa saksafoni ya jazi, alipokufa 1967 Ayler alipiga kwa mazishi yake, alafu Novemba 1970 yeye mwenyewe akapatikana amekufa kwa mto, East River ya New York, miaka 34. Huwa inaniuma sana.

mtoto_wa_umoja
Asanteni, sasa tuni naishika, inapotea katikati alafu mwisho anairudisha. Nitafute gani ingine?

mzee_wa_santuri
Santuri yake Bells, ya 1965, mdogo wake Donald yuko kwa tarumbeta. Ile ya kwanza kutoka ina muziki upande mmoja tu, usidhani umeuziwa mbovu.