Barabara kuu: nani mwenye mali, nani mlipaji, nani anaziba shimo? Tulinganishe nchi

Mtaro_wa_Pembeni ameandika:

Wakuu salaam. Kila mjadala wa barabara unaishia kwenye "serikali haijali". Leo tuuchambue kwa namba. Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS tangu 2000, za wilaya ziko TARURA tangu 2017, na pesa ya matengenezo inapitia Mfuko wa Barabara. Kenya wana KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini). Uganda walikuwa na UNRA, mamlaka ya barabara kuu, mwishoni mwa 2024 ikavunjwa na kazi zikarudi wizarani.

Nauliza mawili. Nchi nyingine zimegawaje majukumu, na pesa inatoka wapi? La pili: barabara ni moja, lami ya umri mmoja, lakini upande wa kutoka bandarini umebonyea na kujaa viraka, upande wa kurudi bado mzima. Kwa nini?

---

Kilo_Sifuri amejibu:

Mkuu, nianze na la kwanza. Jina la taasisi halisemi mengi. Angalia pesa imeahidiwa kwa muda gani, na nani anaweza kuichomoa njiani.

Uingereza: barabara kuu za England ziko chini ya National Highways, kampuni ambayo serikali inaimiliki yote. Inasimamia kama kilomita 7,000 tu, asilimia 2 hivi ya urefu wa barabara zote, lakini theluthi moja hivi ya umbali wote unaosafiriwa na magari ni humo. Tangu 2015 serikali hutoa mpango wa uwekezaji wa miaka mitano pamoja na fedha zake, na mdhibiti wa pembeni, ORR, anakagua kama ahadi zimetimizwa. Faida yake: mhandisi anasaini kazi ya miaka kadhaa bila kusubiri bajeti ya mwaka. Linganisha na sisi. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Zabuni ikitangazwa baada ya hapo, mkataba unasainiwa vuli ziko mlangoni, na mtaro uliotakiwa kuzibuliwa Agosti unazibuliwa maji yakiwa yameshakata bega la barabara.

Ujerumani: Autobahn, yaani barabara za mwendokasi, ni mali ya serikali kuu, lakini hadi mwisho wa 2020 majimbo ndiyo yaliyozisimamia kwa niaba yake. Kuanzia Januari 1, 2021 kazi ilihamia kampuni moja, Autobahn GmbH. Malori yanalipa kwa kilomita tangu 2005.

Ufaransa: sehemu kubwa ya barabara za mwendokasi iko mikononi mwa kampuni zenye mikataba ya muda mrefu, na dereva analipa getini. Barabara zinapendeza, ila mkataba wa namna hiyo ukishasainiwa serikali inabaki na nafasi ndogo ya kugusa bei.

Kuhusu chanzo cha pesa, tozo kwenye lita ya mafuta ni rahisi kukusanya, lakini ina magonjwa mawili. Kwanza inaliwa na mfumuko wa bei: Marekani tozo ya shirikisho ya petroli ni senti 18.4 kwa galoni, haijaguswa tangu 1993. Pili, gari la umeme halilipi chochote. New Zealand waliona mapema. Gari la dizeli hununua leseni ya umbali kwa vipande vya kilomita 1,000, inabandikwa kwenye kioo, na lori linalipa kulingana na uzito na idadi ya ekseli (mihimili ya matairi). Aprili 2024 wakayaingiza magari ya umeme kwenye mfumo huohuo. Kwa Afrika, Namibia wanatoza magari mazito kwa uzito na umbali, tena aliyeshika mfuko na anayesimamia barabara ni taasisi mbili tofauti. Kwangu mimi huo ndio mfano wa kuiga kabla ya kukimbilia Ulaya.

Na kama unatoza, hakikisha watu wanakubali kulipa. Gauteng, Afrika Kusini, mitambo ya e-toll (tozo ya barabara ya kielektroniki) iliwashwa Desemba 2013, madereva wengi wakagoma kulipa, Aprili 2024 ikazimwa.

---

Barabara_ya_Juu (Kenya) amejibu:

Niongeze la huku kwetu. Ushuru wa matengenezo ya barabara ulikuwa shilingi 18 kwa lita tangu 2016, ukapanda hadi 25 Julai 2024. Mwaka uliofuata, shilingi 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani ili kukopa pesa za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai kwa miaka. Deni la ujenzi linalipwa kwa pesa ya matengenezo, kwa hivyo usishangae mashimo yakibaki. Magavana na wabunge nao wamefikishana kortini juu ya mgao wa ushuru huohuo.

---

Mizani_56 amejibu:

Nijibu la pili. Upande unaotoka bandarini unabeba lori lililojaa, upande wa kurudi mengi hayana kitu. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa mbili zilizofuatana, 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56. Uharibifu haupandi sambamba na uzito. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa 1999 unatumia kipeo cha 4.5, yaani uwiano wa uzito unapandishwa kwa kipeo hicho. Ekseli ya tani 10 ikibeba 12, uzito umeongezeka asilimia 20 lakini barabara inaumia zaidi ya mara mbili.

Watu wengi hawajui kwamba lori linaweza kuwa na tani 54, jumla iko sawa, na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma na ekseli tatu zinasoma 27. Hapo dawa ni kupanga upya mzigo. Kwenye vilima ni vibaya zaidi: lori linatambaa, tairi linakaa muda mrefu mahali pamoja, jua limelainisha lami, mabonde ya matairi yanajichora.

Adui wa pili ni maji. Ufa usiozibwa unapitisha maji hadi kwenye tabaka la kokoto, kila tairi likipita linakamua tope juu, na siku chache baadaye una shimo.

Kiraka cha kudumu kinafanywa hivi. Chora mstatili unaovuka eneo bovu kwa sentimita 10 hadi 15, kata kwa msumeno kingo zisimame wima, chimba mpaka ufikie udongo mgumu na mkavu. Fagia vumbi lote. Pakaa lami ya maji chini na kwenye kuta. Jaza kwa matabaka yasiyozidi milimita 75, shindilia kila tabaka ukianzia kingoni kuelekea katikati, na juu kiache kizidi usawa wa barabara kwa milimita 5 hivi, maana kitashuka. Tunachokiona mara nyingi ni mchanganyiko unaomwagwa kwenye shimo lenye maji na kupigwa kwa koleo. Huo unang'oka mvua ya kwanza.

---

Mtaro_wa_Pembeni ameandika:

Shukrani wakuu. Na ile mikataba ya kumlipa mkandarasi kwa hali ya barabara badala ya idadi ya viraka, inafaa kwetu?

---

Kilo_Sifuri amejibu:

Inafaa, kwa masharti. British Columbia, Kanada, walikabidhi matengenezo kwa wakandarasi binafsi 1988, New Zealand wakaanza ya kulipia matokeo 1998, Argentina nao waliitumia miaka hiyo ya 1990. Mkandarasi anapewa kipande cha barabara kwa miaka 5 hadi 10, analipwa kiasi maalumu kwa kilomita kila mwezi. Mkataba unataja hali inayotakiwa: shimo lizibwe ndani ya muda fulani, majani yasizidi kimo fulani, kalavati liwe wazi, mtikisiko wa gari usivuke kiwango kilichowekwa cha IRI (kipimo cha kimataifa cha ukwaru wa barabara). Mkaguzi anachagua vipande kwa bahati nasibu, na kisichofikia kiwango kinakatwa kwenye malipo ya mwezi huo.

Inaharibika pale barabara ikikabidhiwa ikiwa imeshakufa bila kutenga fedha za ukarabati mkubwa wa mwanzo, au mwajiri akichelewesha hati za malipo, maana akikata huku mwenyewe anadaiwa, mkandarasi anasimamisha greda. Na kiandikwe wazi nani anabeba hasara iwapo mizani ya njia hiyo itakaa mbovu miezi mitatu na malori yakapita bila kupimwa. Kikikosekana kifungu hicho, mkandarasi makini ataipandisha bei ya zabuni kufidia hatari hiyo, na asiye makini atakimbia kazi mwaka wa pili.