Altaïr na shinobi wa Iga: stadi zipi zingefanya kazi kweli?

Kombeo:
Wakuu, habari za jioni. Tumlinganishe Altaïr, muuaji wa kificho katika gemu ya kwanza ya Assassin's Creed (2007), na shinobi (ninja, wapelelezi wa siri) wa Iga na Kōka huko Japani. Sitaki mjadala wa nani angemuua nani. Twende stadi kwa stadi: ipi ingewezekana kwa mwili wa kawaida na vifaa vya zama zake? Upande wa Japani tushike vitabu vya mbinu zao, Bansenshūkai ya 1676 na Shōninki ya 1681, maana ziliandikwa na wenye fani yenyewe.

Naanza hivi: Altaïr anaongoza kwenye kupanda kuta, kuruka na kile kisu kilichofichwa kwenye kifundo cha mkono. Shinobi anaongoza kwenye maji na giza. Nirekebisheni.

Kucha_za_Paka:
Kwenye kuta sikubaliani nawe, mkuu. Altaïr anapanda kwa vidole na ncha za viatu, mnara mzima, mchana kweupe. Ukining'inia kwa vidole kwenye ukingo mwembamba, misuli kati ya kiwiko na kifundo hujaa na kuishiwa nguvu ndani ya dakika chache. Ukifika juu, mkono huohuo ndio unatakiwa ushike silaha.

Shinobi aliihamishia kazi hiyo kwenye kifaa. Kipo kiitwacho shinobi-kumade: vipande vifupi vya mwanzi vimetungwa kwenye kamba kama shanga, na mwishoni pana ndoano. Kamba ikilegezwa, chote kinakunjika na kubebeka. Ikivutwa na kukazwa, vipande vinabanana na kuwa fimbo ndefu ya kuipachika ndoano juu ya ukuta polepole. Ubora wake ni kwamba hakirushwi. Ndoano ya kurusha, kaginawa, hugonga vigae na kuamsha watu, na ikishika kigae kilicholegea hushuka nacho. Kwa hiyo huvutwa kwa uzito wa mwili kabla mguu haujaacha ardhi.

Mizani:
Kuruka nako kuna tatizo. Kwenye gemu Altaïr hujirusha toka mnarani hadi kwenye nyasi kavu. Chukua mnara wa mita 30 na mkokoteni wa nyasi hizo chini. Anafika kwa mita 24 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 87 kwa saa. Nyasi zikiwa na kina cha mita 1.5 na zikimpunguza kasi kwa usawa toka juu hadi chini, bado mwili unakabwa kwa wastani wa mara 20 ya mvuto wa dunia. Na hazipunguzi kwa usawa: za juu ni laini mno, za chini zinashindiliwa, na mbao za mkokoteni zinamalizia.

Kitu kimoja watengenezaji walikipatia: anageuka hewani na kutua kwa mgongo. Hivyo ndivyo waigizaji wa hatari wanavyotua, ili nguvu isambae mgongo mzima badala ya kuvunja miguu. Ila wao wanatua juu ya mfuko mkubwa wa hewa.

Jembe_na_Mundu:
Kisu cha kificho nitakisema kirefu, maana hapo ndipo fani mbili zinapoachana.

Kwanza ufundi wake. Upanga mfupi unaochomoza chini ya kiganja lazima ujifunge ukishatoka, la sivyo ukigonga mfupa unarudi ndani. Lazima gamba la ngozi linaloubeba upanga huo libane mkono sana, vinginevyo linazunguka na ncha inakuja upande wa kiganja. Na njia ya upanga inapita mahali pa kidole cha pete, ndiyo maana Altaïr amekatwa kile cha kushoto.

Sasa fikiria lango la mji. Mlinzi anamkamata mtu asiye na kidole cha pete, na chini ya mkono wa nguo kuna mtambo wa chuma. Hana la kujieleza. Shinobi alibeba vitu vinavyostahimili upekuzi. Orodha ya vifaa sita vya Shōninki haina silaha hata moja: kofia ya kusuka, kamba yenye ndoano, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa cha shaku tatu (sentimita 90 hivi) na kijibomba cha mwanzi cha kuhifadhia moto. Ni mizigo ya msafiri yeyote. Akihitaji makali, mundu wa mkulima upo, na mkulima mwenye mundu hashangazi mtu.

Kombeo:
Hoja ya upekuzi imenigusa, naondoa kisu kwenye alama za Altaïr. Vipi maji? Kwenye gemu ile akianguka majini anakufa.

Mizani:
Maji ni ya shinobi, lakini si kwa kutembea juu yake. Mizugumo ya Bansenshūkai ni duara la mbao lenye kipenyo cha shaku 2, sun 1 na bu 8, yaani sentimita 66. Mbao zenye ujazo wa lita 20 na nusu ya uzito wa maji hubeba kilo 10 tu. Vaa moja kila mguu, utazama. Lakini mwili uliozama hadi kifuani karibu unajielea wenyewe, kwa hiyo msaada mdogo unatosha. Ndiyo maana wengi wanaona kwamba kilikaliwa, kwa kutumia kile kibao cha katikati.

Mlango_wa_Nyuma:
Mnamwonea Altaïr kidogo. Stadi yake bora ni ile ya kuinamisha kichwa na kuingia langoni katikati ya wanazuoni waliovaa nyeupe kama yeye. Bansenshūkai inaiita yōnin, kuingia ukionekana, na inaitenganisha na in-nin, kuingia kwa kujificha. Shōninki inataja sura saba za kujigeuza, zikiwemo mtawa, mfanyabiashara, mchezaji wa mitaani na mtu wa kawaida. Tofauti ni maandalizi: Altaïr anategemea vazi, shinobi alitakiwa aimudu kazi anayoigiza. Mtawa asiyejua sala zake anakamatwa kwa swali la kwanza.

Na historia inamuunga mkono Altaïr hapa. Wanizari wa Shamu, ambao gemu imewachota, walimuua Conrad wa Montferrat mjini Tiro Aprili 1192 kwa visu, wauaji wawili wakiwa wamejigeuza watawa. (Hadithi za bangi tuziache, zilienezwa na maadui zao. Wanizari ndio Waismailia wa Aga Khan tunaoishi nao hapa Afrika Mashariki.)

Kucha_za_Paka:
Basi tofauti iko kwenye kutoka. Fidai (muuaji wa Wanizari) aliua hadharani na hakutegemea kurudi. Shinobi asiporudi, habari alizotumwa kuzileta zimepotea, na kazi imeharibika hata kama alifika chumbani kwa adui. Pale shinobi anapotajwa kuua, matokeo si mazuri: Sugitani Zenjubō alimfyatulia risasi mbabe wa vita Oda Nobunaga mwaka 1570, akamkosa, akakamatwa na kuuawa 1573.

Kombeo:
Nabadilisha alama. Kuta, maji, silaha na kutoka: shinobi. Kujichanganya na watu: sare. Giza bado, nani anaweza kulinganisha macho ya tai ya Altaïr (uwezo wake gemuni wa kutambua adui) na ile mbinu ya shinobi ya kutundika ala ya upanga kwenye ncha yake na kupapasa nayo chumbani?

Jembe_na_Mundu:
Hiyo ni zasagashi. Ugwe wa ala unashikwa kwa meno, ala inaning'inia nusu ikitangulia mbele kama fimbo ya kipofu. Ikigusa mtu, meno yanaachia, ala inadondoka na upanga tayari unamwelekea. Kasoro yake ni kwamba aliyeguswa naye ameshajua uko wapi, kwa hiyo ala ikidondoka unachoma papo hapo.