Tupeane uzoefu: mashine ya kufulia inayotikisika mpaka inatembea, yako ilikuwa na tatizo gani?

Mtoa mada:
Habari wakuu. Mashine yangu ni ya mlango wa mbele. Kufua inafua vizuri, kusuuza haina neno, ila ikifika kwenye kukamua ni vurugu tupu. Inagonga, inajisogeza, nikirudi naikuta imevuta waya wa umeme mpaka umekaza. Ushauri niliopewa ni mwingi, kuanzia "nunua nyingine" hadi "ipandishie matofali juu". Aliyewahi kupambana na hali hii aseme chanzo kilikuwa nini na alimalizaje.

Bint Msafi:
Yangu ilianza kuruka ikiwa mpya kabisa. Walioileta waliichomeka, wakaniwashia, wakaaga. Kumbe nyuma kulikuwa na boliti nne ndefu zinazobana pipa lisichezecheze safarini, na hakuna aliyezitoa! Pipa likibanwa hivyo, springi na shokapu hazifanyi kazi, mtikisiko wote unaishia kwenye bodi. Nilizifungua kwa spana, nikazichomoa pamoja na plastiki zake, matundu nikayaziba kwa vifuniko vilivyokuja na kitabu cha maelekezo. Ilitulia siku hiyo hiyo. Boliti zenyewe usitupe, ukihama utazirudisha.

Mtoa mada:
Asante dada, ila yangu ni ya siku nyingi, hizo zilishatoka.

Mzee Kobe:
Angalia miguu kijana. Bonyeza kona moja ya juu, halafu ile inayoitazama kimshazari. Ikibembea hata kidogo, kuna mguu hauko chini. Watu wengi huzungusha mguu mpaka mashine inakaa sawa kisha wanaishia hapo, wakati kila mguu una nati ya kukazia. Nati hiyo ipandishe juu ibane kwenye bodi, la sivyo mtikisiko utaurudisha mguu ulikotoka. Weka pimamaji juu ya mashine, upande kwa upande, kisha mbele kwa nyuma. Na vipande vya boksi chini ya miguu ni kujidanganya, vikilowa vinabonyea.

Mama Pacha:
Kwetu mchawi ni mzigo. Blanketi moja peke yake linanyonya maji, linajikunja upande mmoja, na pipa linazunguka likiwa zito huku jepesi kule. Siku hizi nikisikia linaanza kugonga nasimamisha, nalitandaza upya, naongeza taulo kadhaa za kusawazisha.
Ila kubwa zaidi ni kifuniko cha godoro kisichopitisha maji. Hicho USIKIKAMUE kwa mashine. Maji yanajifungia ndani kama mfukoni, mashine ikishika kasi yanaponyoka kwa mkupuo, uzito unahama ghafla. Yetu iliruka mpaka mpira wa maji ukachomoka ukutani, sebule ikawa bwawa.

Mpangaji wa Juu:
Mimi sakafu ni ya mbao. Mashine ilikuwa nzima, iliyokuwa inacheza ni sakafu. Niliihamisha kutoka katikati ya chumba nikaiweka kwenye kona, na kasi ya kukamua nikaishusha kutoka mizunguko 1400 kwa dakika hadi 800. Nguo zinachelewa kukauka, basi.

Fundi Nati:
Waliotangulia wamesema kweli, na mteja akinipigia naanzia huko huko kabla sijafungua hata skrubu moja. Mtoa mada, kama hayo yote yako sawa, chomoa umeme ufanye hivi. Fungua mlango, bonyeza pipa chini kwa nguvu, liachie. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likidundadunda kama gari bovu kwenye matuta, zimekwisha.
Kisha shika ukingo wa pipa la ndani, lipandishe na kulishusha. Likicheza peke yake huku la nje limetulia, hiyo ni beringi, na mara nyingi utakuwa umeshasikia mngurumo ule wa ndege kuruka. Pipa likiwa limelala upande mmoja, huenda springi imechomoka kwenye ndoano yake. Kagua pia zile zege nzito zilizofungwa kwenye pipa, boliti zake hulegea.
Matofali usiweke. Hayazuii kitu, na yakimwangukia mtoto ni balaa jingine.

Mtoa mada:
Fundi, nimebonyeza, linadunda kweli. Nimezifungua shokapu zote mbili. Moja ni ngumu kidogo, nyingine inaingia na kutoka bila ubishi wowote. Nibadilishe hiyo moja tu?

Fundi Nati:
Zote mbili. Ukiweka moja mpya, itabeba kazi ya mwenzake aliyechoka na utaifungua tena mashine muda si mrefu. Usinunue kwa kukadiria urefu kwa macho, nguvu zake hutofautiana, huandikwa kwa nyutoni. Nenda dukani na namba ya modeli, mara nyingi iko kwenye stika pale mlango unapofungia. Ukishafunga, ikamue tupu kwanza kabla ya kuweka nguo.

Bint Msafi:
Fundi, na za mlango wa juu? Ya mama inagonga pembeni.

Fundi Nati:
Nyingi za aina hiyo pipa linaning'inia kwenye fito nne zenye springi, moja kila kona. Fito moja ikichoka pipa linainama. Hizo nazo hubadilishwa zote nne.