Mkojo umekuwa rangi ya chai, dawa ipi nzuri ya kusafisha figo?

Mtoto wa Pwani:
Wakuu habari za humu. Niko Lindi, umri miaka 34. Tangu juzi mkojo umebadilika ghafla, umekuwa kama chai ya rangi na unatoka kidogo sana. Mgongo na mapaja vinauma. Nimesikia kuna dawa ya unga ya kusafisha figo, unakoroga kwenye maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Anayeijua, au anayejua iliyo bora zaidi, anielekeze. Nina hofu, usiku silali.

Mzee wa Rondo:
Kichocho hicho. Lindi na Mtwara kimejaa tele. Peleka mkojo uliotoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai ya mdudu hutoka kwa wingi muda huo. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600 baada ya kula chakula. Vijana mnaoga mabwawani halafu mnakuja kulia humu.

Dada Maabara:
Mzee, kichocho cha kibofu hutoa damu nyekundu, mara nyingi mwisho wa haja, na hakileti maumivu ya mapaja. Mtoto wa Pwani, jibu haya kwanza. Macho yana unjano? Choo kikubwa kimekuwa cheupe? Vikiwepo vyote viwili, tatizo liko kwenye ini au nyongo. Mkojo una povu lisilokatika? Kwa siku nzima unapata kiasi gani? Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita upimie. Mtu mzima hutoa lita moja hadi mbili. Chini ya mililita 400 kwa saa 24 ni hatari.

Korosho Kwanza:
Msimu wa uraka huu, ile pombe ya mabibo, tusizungushane. Pombe huzima homoni inayoiambia figo irudishe maji mwilini, ndiyo maana mlevi hukojoa sana usiku na kuamka mkavu. Acheni pombe jamani, familia zinawategemea.

Mtoto wa Pwani:
Sinywi pombe kabisa. Macho hayana unjano, choo ni cha kawaida. Nafanya kazi shamba la chumvi, tunakwangua na kubeba. Jana nilipima kwa chupa, haikufika nusu. Naomba turudi kwenye swali langu, ule unga unafaa au haufai?

Figo Mbili:
Shamba la chumvi, jua la Oktoba, maumivu ya mgongo. Unatumia dawa gani za maumivu?

Mtoto wa Pwani:
Za kawaida tu za dukani.

Figo Mbili:
Za kawaida zipi? Jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Bila hayo hakuna atakayekusaidia.

Mtoto wa Pwani:
Diklofenaki za 50. Tatu kwa siku, kazi ikiwa ngumu nne. Tangu tuanze kuvuna chumvi. Kuna siku naongeza ibuprofeni. Lakini wakuu mnielewe, bila hizo sinyanyuki, na tunalipwa kwa gunia. Halafu nimeshalipa nusu ya ile dozi ya unga, muuzaji amesema unatoa sumu zote za vidonge. Ndiyo maana niliona nianze nao kwanza, hospitali baadaye.

Figo Mbili:
Hapo ndipo penye mambo. Soma taratibu.

Figo moja ina nefroni, yaani vichujio vidogo, karibu milioni moja. Kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa myembamba ya damu, mshipa mmoja unaingiza na mwingine unatoa. Shinikizo la damu ndani ya kifundo ndilo linalosukuma maji, taka kama urea na kreatinini, na chumvi kuingia kwenye kijirija, yaani kimrija cha nefroni, huku protini na chembe za damu zikibaki. Kwa siku zinachujwa takribani lita 180, na vijirija vinarudisha asilimia 99 kwenye damu. Kinachobaki ndicho mkojo. Unateremka kwa mirija miwili yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 kila mmoja mpaka kwenye kibofu.

Sasa wewe unatoka jasho juani kutwa nzima. Maji ya damu yakipungua, mwili hubana mishipa, na figo hujihami kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ili mshipa unaoingiza damu ubaki wazi. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia hizo prostaglandini. Mshipa unabana, shinikizo linashuka, uchujaji unakwama. Miligramu 150 za diklofenaki kwa siku ndiyo mwisho kwa mtu mzima mwenye maji ya kutosha mwilini. Wewe unafika 200, una kiu, na unachanganya na dawa ya jamii ileile.

Unga hauna mlango wa kuingilia kusafisha chochote. Ukishameza, figo zilezile zilizokwama ndizo zitabebeshwa kuutoa, na hakuna anayejua una mizizi gani. Usiunywe. Diklofenaki na ibuprofeni acha sasa hivi.

Nahodha Msimbati:
Mkuu dai hela yako mapema, figo hazijawahi kuomba ufagio.

Nyota ya Kusini:
Kaka, anza na madafu matano kwa siku. Yanasukuma mkojo vizuri na huku kwetu ni bei ndogo.

Figo Mbili:
Dada, kwa mwenye figo nzima sina ugomvi na madafu. Kwa mtu ambaye mkojo umepungua, HAPANA. Dafu lina potasiamu nyingi, na figo ndizo zinazoitoa. Ikirundikana kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika na mtu anaweza kusimama moyo bila kuonyesha dalili kubwa kabla. Ndizi nyingi vivyo hivyo. Pia asijilazimishe kunywa madumu ya maji kwa mkupuo, figo isipotoa yatakwenda kwenye mapafu.

Mkweli Masasi:
Jamani mbona mnahangaika, hii chai, uongo mtupu. Akaunti mpya, swali la kwanza ni dawa ya unga, ameshataja inavyokorogwa na ametaja muuzaji. Kesho atarudi kusema amepona na namba ya simu ataweka. Halafu mtu mwenye figo mbovu anabebaje magunia? Huyu ndiye muuzaji mwenyewe.

Nahodha Msimbati:
Mh. Hata mimi nilianza kuhisi.

Mtoto wa Pwani:
Niuze dawa nikiwa nimelala? Leo sikwenda kazini, miguu imekaza. Jana nilipita kituo cha afya, sikutaja kwa sababu karatasi yenyewe sikuielewa na niliambiwa niende hospitali ya Sokoine, nikaona gharama. Imeandikwa hivi: damu +++, protini +, sukari hakuna, chini yake kwenye hadubini chembe nyekundu hazikuonekana, mayai hakuna. Muuzaji gani atatunga hayo?

Dada Maabara:
Mkweli, hayo hayatungwi na muuzaji wa unga. Kijiti cha kupimia mkojo kinasema damu nyingi, hadubini inasema hakuna chembe. Maana yake kijiti kimegusa rangi ya damu bila chembe zenyewe, na kwa mtu wa kazi nzito juani mwenye mapaja yaliyokaza, wa kwanza kushukiwa ni mioglobini, protini nyekundu ya misuli. Hiyo hutoka kwenye misuli iliyovunjika. Inafika kwenye vijirija vya nefroni, inaganda na kuviziba. Misuli hiyohiyo humwaga potasiamu kwenye damu. Kijana ana mambo mawili kwa pamoja, misuli na vidonge.

Figo Mbili:
Nakubaliana naye kabisa. Nenda Sokoine LEO, si kesho. Sema hivi mapokezi: mkojo umepungua na umekuwa wa kahawia, nafanya kazi juani, natumia diklofenaki. Omba kreatinini (kwa mwanamume kawaida ni karibu mikromoli 60 hadi 110 kwa lita), potasiamu, kipimo cha kuvunjika kwa misuli, na kipimo cha umeme wa moyo. Ukiwahi, dripu inayokwenda sambamba na kupimwa mkojo kila saa huweza kurudisha figo kazini. Kwa mtu wa kilo 60 wanatafuta angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Ukichelewa utahitaji mashine ya kusafisha damu, na gharama unayoikimbia leo haitafanana na hiyo.

Mzee wa Rondo:
Mwanangu, nenda. Mambo ya kichocho tutayazungumza siku nyingine.

Mtoto wa Pwani:
Nimewaelewa. Shemeji anatafuta bajaji. Niende na vidonge vyote au pakiti tu? Na ule unga nao?

Dada Maabara:
Vyote, na unga ukiwa ndani ya karatasi yake. Ile karatasi ya kituo cha afya usiisahau. Ukipata haja njiani kojoa kwenye ile chupa, ifunike, uende nayo.